Wasomaji Wauliza: Stima, Maji na Nchi Inayorudi Nyuma

Baada ya makala yetu ya toleo lililopita kuhusu miaka ya mgao wa umeme nchini Afrika Kusini, meza hii imepokea barua nyingi, karibu zote kutoka Nairobi, na wengi wa walioandika wana wasiwasi mmoja: je, haya tunayoyaona mitaani ni usumbufu wa kawaida au ni mwanzo wa kuporomoka? Nimechagua barua sita na kuzifupisha. Majina ya waandishi hayakuchapishwa.

*Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma na nina vijana ninaofanya nao kazi. Stima hupotea mchana, na ikirudi mara nyingine huwa hafifu, mashine haifanyi kazi. Kwenye kibanda cha chai tunabishana. Wengine wanasema nchi ikiwa maskini ni lazima stima ipotee. Wengine wanasema stima ikipotea ndipo nchi inapokuwa maskini. Ni lipi linalotangulia? (Fundi, Kariobangi)*

Ndugu fundi, wachumi nao wanabishana kama nyinyi, na kwa maoni yangu wanaosema kwamba stima hutangulia wana ushahidi wenye nguvu zaidi, ingawa baada ya muda mambo haya mawili huanza kulishana hata ikawa vigumu kuyatenganisha. Afrika Kusini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, kwa sababu haikuwa nchi maskini tatizo lilipoanza. Shirika lake la umeme, Eskom, lilianzishwa mwaka 1923, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa na mitambo inayozidi mahitaji na likiuza umeme kwa bei iliyokuwa miongoni mwa za chini kabisa duniani. Mwaka 1998 serikali yenyewe ilichapisha waraka wa sera ya nishati ulioonya kwamba ziada hiyo ingekwisha kufikia mwaka 2007 iwapo mitambo mipya haingejengwa. Serikali ilitaka wawekezaji binafsi ndio wajenge, kwa hiyo ikaizuia Eskom kujenga. Lakini wawekezaji hawakuja, kwa sababu bei ilikuwa ya chini mno kuweza kuwarudishia mtaji wao. Mwishoni mwa mwaka 2007 mgao ukaanza, na Januari 2008 migodi mikubwa ya dhahabu na platinamu ikasimamisha kazi kwa siku kadhaa kwa kuwa Eskom haikuweza kuihakikishia umeme. Rais Thabo Mbeki alikuwa ameshakiri hadharani, Desemba 2007, kwamba Eskom iliomba kujenga mapema na kwamba serikali ndiyo iliyokosea.

Kukiri hakukuleta umeme. Ujenzi wa vituo viwili vikubwa vya makaa ya mawe, Medupi na Kusile, ulianza kwa kuchelewa na ukaendelea kwa kuchelewa zaidi. Mtambo wa mwisho wa Medupi ulianza kazi rasmi mwaka 2021, na siku chache baadaye, Agosti mwaka huo huo, mlipuko ukaharibu mtambo wake mwingine. Katika miaka hiyo yote vituo vikongwe vililazimishwa kufanya kazi bila kupumzishwa, kwa kuwa kila mtambo uliozimwa ili ufanyiwe matengenezo uliongeza giza la siku hiyo, na hakuna kiongozi aliyetaka giza hilo lihesabiwe juu yake. Anayeendesha matatu anaelewa: ukiahirisha kubadilisha breki ili usikose hesabu ya leo, hesabu ya leo utaipata, lakini gari linaelekea siku ambayo halitaleta hesabu yoyote. Ufisadi, ambao tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Zondo wa nchi hiyo iliuchunguza kwa kina, ulilikuta shirika ambalo tayari lilikuwa limechoka, ukalimaliza nguvu. Mwaka 2023 nchi hiyo ilikuwa na mgao kwa zaidi ya siku 300, na mwanzoni mwa mwaka huo Benki Kuu yake ilishusha matarajio ya ukuaji wa uchumi hadi asilimia 0.3, ikieleza kwamba mgao peke yake ungepunguza ukuaji kwa takriban pointi mbili za asilimia.

Sasa turudi Kariobangi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba nguvu ya stima ikishuka, fimbo ya kuchomelea hunata kwenye chuma badala ya kuyeyuka sawasawa, na hata fundi hodari akilazimisha, kiungo kinachopatikana huwa cha juu juu. Geti likitoka karakanani hivyo, litarudi. Vyuma umeshavichukua kwa mkopo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja amelipa nusu na anasubiri, na vijana wako, kama walivyo wengi wa jua kali, hulipwa kwa kazi iliyokamilika, wala hawalipwi kwa saa walizokaa wakingoja stima. Ukikodi jenereta, petroli inakula faida. Usipokodi, mteja anakwenda kwa mwenye jenereta. Zidisha hasara hiyo kwa kila karakana, kinyozi, kinu cha posho na kiwanda: mauzo yanapungua, kodi inapungua, na serikali iliyokusanya kodi kidogo inabaki na fedha kidogo za kununulia transfoma. Hapo wenzako wanaosema umaskini hutangulia nao wanapata haki yao, kwa sababu kuanzia mzunguko wa pili umaskini wenyewe ndio unaozima taa.

*Mhariri mpendwa, nina saluni ndogo katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Tokeni nilizokuwa nikinunua kwa wiki sasa haziifikishi. Umeme ni mali ya wananchi. Kwa nini serikali isiagize tu bei ishuke, mambo yakaisha? (Mama wa saluni, Githurai)*

Mama, uchungu wako una msingi. Mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,000 hula uniti moja kwa kila saa inayofanya kazi, na hakuna namna ya kuiendesha saluni bila hiyo. Lakini agizo unalolitaka limewahi kutolewa hapa kwetu. Januari 2022 bei ya umeme ilishushwa kwa asilimia 15, kwa ahadi kwamba asilimia 15 nyingine ingefuata muda si mrefu. Awamu ya pili haikufika. Aprili 2023 mamlaka inayosimamia sekta ya nishati, EPRA, iliidhinisha bei mpya zilizo juu zaidi, na kiwango cha matumizi kinachopewa bei nafuu kabisa kikateremshwa kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi uniti 30. Gharama iliyofichwa kwa agizo ilirudi, na iliporudi iliwaangukia zaidi wale waliokuwa wakijibana.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hiyo aitazame Lebanoni. Huko bei ya umeme wa serikali iliwekwa mwaka 1994, wakati pipa la mafuta lilipouzwa kwa takriban dola 20, na haikuguswa hadi Novemba 2022. Mafuta yalipopanda hadi dola 100, shirika la umeme la nchi hiyo liliendelea kuyachoma mafuta ya bei hiyo na kuuza umeme kwa bei ya 1994, na pengo lilijazwa na hazina ya serikali, ambayo nayo ilikopa. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba fedha zilizomiminwa humo kwa miongo kadhaa zilifikia karibu nusu ya deni lote la taifa. Ajabu inayoumiza ni kwamba wananchi hawakupata hata umeme wenyewe: shirika lisilo na fedha halikuweza kujenga, mgao ukawa wa kila siku, na kila mtaa ukapata mwenye jenereta aliyevuta nyaya zake hadi madirishani mwa watu na kuwatoza bei yake. Familia zililipa bili mbili. Machi 2020 serikali ilishindwa kulipa deni la hatifungani zake za nje kwa mara ya kwanza katika historia yake. Oktoba 2021 vituo viwili vikubwa vikaishiwa mafuta na gridi nzima, yaani mtandao wa umeme wa nchi, ikazima. Na pauni ya nchi hiyo, iliyokuwa imefungwa kwenye kiwango kimoja dhidi ya dola tangu mwaka 1997, ikapoteza zaidi ya asilimia 95 ya thamani yake. Benki, vita vya jirani na siasa za makundi vilichangia pakubwa, lakini shimo la umeme lilikuwa mojawapo ya yale yaliyochimbwa kwa muda mrefu zaidi na mbele ya macho ya watu wote.

Simaanishi kwamba bei ikipanda mambo yatanyooka. Eskom imepandisha bei mara nyingi tangu mwaka 2008, kwa kasi iliyozidi sana mfumuko wa bei, na mgao ukazidi kuwa mbaya. Swali ambalo mlipaji ana haki ya kuliuliza ni fedha zake zinakwenda wapi. Kwa miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 20 ya umeme ambao Kenya Power, shirika letu la kusambaza umeme, inaununua kwa wazalishaji imekuwa ikipotea kabla ya kulipiwa, sehemu ikipotelea kwenye nyaya na transfoma chakavu, sehemu kwenye maunganisho ya wizi. Kiasi fulani cha upotevu huo huruhusiwa kuingizwa katika bei, maana yake ni kwamba wewe unayenunua tokeni kabla ya kutumia unamlipia pia yule asiyelipa. Na si watu wa mitaa duni peke yao wasiolipa. Februari 2025 Kenya Power ilikata umeme wa ofisi za kaunti ya Nairobi kwa sababu ya deni lililofika takriban shilingi bilioni 3. Kaunti nayo ikadai kwamba shirika hilo lina deni lake la ada za kupitisha nyaya, na malori ya kaunti yakamwaga taka kwenye milango ya Stima Plaza, makao makuu ya shirika hilo. Wakazi wa mji walitazama taasisi mbili za umma, zote zikiendeshwa kwa fedha zao, zikiadhibiana kwa giza na uchafu. Mteja mdogo hahitaji kukatazwa kuchelewa kulipa, kwa sababu hawezi kuchelewa: tokeni zikiisha, mita inajizima yenyewe. Taasisi ya serikali hukusanya bili za miaka.

*Mwalimu wetu alisema tumbili mmoja aliwahi kuzima stima ya Kenya nzima. Ni kweli? (Mwanafunzi, Eastleigh)*

Ni kweli. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma, mitambo ya kituo ikajizima na zaidi ya megawati 180 zikatoweka kwa ghafla. Umeme hauwekwi ghalani. Kinachozalishwa na kinachotumiwa lazima vilingane kila sekunde. Kituo kikubwa kinapotoka ghafla, vingine hubebeshwa mzigo wake, na kama havina akiba ya kutosha navyo hujizima kimoja baada ya kingine ili visiungue. Tumbili alinusurika. Kilichopaswa kuulizwa baadaye, na bado kinapaswa kuulizwa kila mara nchi nzima inapozimika, kama ilivyozimika Agosti 2023 na tena Novemba na Desemba mwaka huo, ni kwa nini gridi ina akiba ndogo kiasi kwamba tukio la kituo kimoja au njia moja ya nyaya linatosha kuiangusha yote. Wakati huo mahali pengine nchini kunaweza kuwa na umeme wa kutosha wa jotoardhi wa Olkaria au wa upepo wa Turkana, ila njia za kuusafirisha ni chache na zimejaa.

*Mhariri, mimi ni mstaafu. Nilipohamia mtaa huu maji yalitoka bombani kila siku. Sasa yanakuja usiku wa siku moja ya wiki, tunaamka kujaza mitungi, na kuna wiki hayaji kabisa. Mwenye ploti jirani amechimba kisima anatuuzia maji ya chumvi. Nyinyi mnaandika sana juu ya stima. Maji je? (Mzee, Kayole)*

Shikamoo mzee. Lawama yako ni ya haki, na ningependa kuijibu kwa urefu, kwa sababu maji yakikatika madhara yake ni mazito kuliko ya giza.

Bwawa la Ndakaini, ambalo ndilo tegemeo kubwa la Nairobi, lilikamilika mwaka 1994 na linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Sensa ya mwaka 1989 ilikuwa imehesabu watu takriban milioni 1.3 katika mji huu; ile ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Katika muda wote huo hakikuongezwa chanzo kikubwa kingine, mpaka handaki la kilomita 11.8 la kuleta maji ya mito ya Murang'a hadi Ndakaini lilipokamilika katika miaka hii ya 2020. Kwa hiyo mgao wako wa usiku mmoja una maelezo ya kihesabu. Lakini hesabu hiyo haijakamilika, kwa maana karibu nusu ya maji yanayosafishwa kwa gharama na kuingizwa katika mabomba ya mji hayaleti malipo yoyote: yanavujia ardhini, yanaibwa, au yanapita kwenye mita zisizosoma. Nusu hiyo ingepatikana kwa kuchimba barabara na kubadilisha mabomba, kazi isiyo na utepe wa kukatwa mbele ya kamera, na naamini hilo ni sababu mojawapo ya kuahirishwa kwake mwaka baada ya mwaka.

Umeuliza maji je, nami nakuomba uangalie kilichotokea Harare, mji mkuu wa Zimbabwe. Mji huo huchota maji yake ya kunywa hasa katika ziwa Chivero, na ziwa hilo liko upande ambao mito ya mji wenyewe inateremkia. Mpango huo hufanya kazi vizuri iwapo mitambo ya kusafisha maji taka ni mizima. Ilipoharibika na kukosa vipuri, maji taka yasiyosafishwa yakaingia ziwani, na mtambo wa maji ya kunywa wa Morton Jaffray ukahitaji kemikali nyingi zaidi kila mwaka ili kuyasafisha, wakati ule ule ambapo nchi ilikuwa haina fedha za kigeni za kuzinunulia. Mfumuko wa bei wa mwaka 2008 ulifanya bili yoyote ya maji iwe haina thamani siku ilipomfikia mteja. Serikali kuu ilikuwa imeshayanyang'anya mabaraza ya miji kazi ya kusambaza maji na kuikabidhi mamlaka ya taifa isiyokuwa na uwezo wa kuifanya. Mwanzoni mwa Desemba 2008 maji ya Harare yalikatwa kabisa kwa kukosa kemikali. Kipindupindu, ambacho kilikuwa kimeanza katika mji jirani wa Chitungwiza na kuingia katika mitaa kama Budiriro, ambako watu walichimba visima vifupi karibu na mabomba ya maji taka yaliyopasuka, kilienea nchi nzima: karibu watu 100,000 waliugua na zaidi ya 4,000 wakafariki kabla hakijatulia mwaka 2009. Ugonjwa huo hutibika kwa maji safi yenye chumvi na sukari. Watu walikufa kwa kukosa maji safi mara mbili, kwanza ya kunywa, kisha ya kujitibu.

Kuna jambo la baadaye ambalo hutajwa mara chache. Julai 2013, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Zimbabwe iliyaagiza mabaraza yote ya miji yafute madeni ya wakazi, pamoja na ya maji, yaliyolimbikizwa tangu Februari 2009. Wananchi waliochoka walifurahi, na siwezi kuwalaumu. Lakini aliyekuwa amelipa alijiona mjinga, wengi wakaanza kungoja msamaha mwingine, na mabaraza yakabaki bila fedha za kununulia kemikali zile zile.

Kisima cha jirani yako ni sehemu ya picha hii. Hatuna haki ya kumkasirikia mtu aliyechimba maji pasipo na maji. Hata hivyo, kina cha maji ya ardhini chini ya Nairobi kimekuwa kikishuka kwa miongo mingi kwa sababu ya wingi wa visima, na maji hayo katika sehemu nyingi yana floraidi ya kiwango kinachoharibu meno na mifupa ya watoto, kitu ambacho kuyachemsha hakuondoi. Ukiweza, mwombe mwenye ploti awaonyeshe cheti cha vipimo vya maji yake, na maji ya wajukuu ya kunywa myatafute kwingine hadi cheti hicho kionekane.

*Nimechoka kungoja. Nimeweka sola na betri, na ghorofa letu lina kisima. Rafiki yangu ananiambia watu kama mimi ndio tunaoua huduma za umma. Je, nimefanya kosa? (Mhandisi wa programu, Kileleshwa)*

Hujafanya kosa, na rafiki yako hajasema uongo. Afrika Kusini inawapa haki nyote wawili. Mgao ulipozidi, wenye uwezo walifunga sola kwa kasi ambayo haikutarajiwa. Kufikia katikati ya mwaka 2023 paa za nchi hiyo zilikuwa na zaidi ya megawati 4,000, kiasi kinachozidi mitambo yote iliyofungwa hapa Kenya. Mzigo wa gridi ukapungua, na bila shaka hiyo ilisaidia giza kupungua. Lakini manispaa za nchi hiyo hununua umeme kwa jumla na kuuza kwa faida, na faida hiyo ndiyo inayolipia sehemu ya maji, barabara na uzoaji wa taka katika mitaa ya wasio na uwezo. Mteja mkubwa anapoondoka, nguzo na nyaya zinabaki na gharama ile ile, wanaoilipia wakiwa wachache na maskini zaidi; bei inapandishwa kwao, na walio na uwezo mdogo uliobaki nao wanatafuta njia ya kuondoka.

Kinachonitia hofu zaidi kuliko mapato yaliyopotea ni kelele zilizopotea. Mhandisi, wakili, daktari na mwenye kiwanda ndio watu ambao barua zao hujibiwa na simu zao hupokelewa. Siku ambayo wote watakuwa na sola, kisima, mlinzi wa kampuni na shule ya kulipia, hakuna atakayebaki kwenye foleni ambaye waziri analazimika kumsikiliza, na Mzee wa Kayole atakuwa akiandika peke yake. Kwa hiyo weka sola yako, lakini usiache kuunganishwa na gridi, lipa bili ya maji ya mji hata unapotumia kisima, na uhudhurie mkutano wa wadi kama ungehudhuria kama taa zako zingekuwa zimezimika.

*Ninafundisha shule ya upili. Wanafunzi wangu wakisikia habari hizi wanakata tamaa. Je, kuna nchi iliyowahi kurudi? Na niwaambie watazame nini, ili wajue tunaelekea wapi? (Mwalimu, Buruburu)*

Mwalimu, wapo waliorudi, na wa kwanza ninaoweza kukutajia ni sisi wenyewe. Kati ya mwaka 1999 na 2001 ukame ulikausha mabwawa ya mto Tana, na kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wetu wakati huo ilitokana na maji, Nairobi ilikaa katika mgao wa saa nyingi kila siku. Viwanda vilipunguza zamu, jenereta za dharura zikakodiwa kwa bei kubwa, na mwaka 2000 uchumi karibu ulisimama kabisa. Wazazi wa wanafunzi wako wanaikumbuka miaka hiyo. Kilichofuata si muujiza: nchi iliamua kutotegemea mvua, ikachimba visima vya mvuke Olkaria mwaka baada ya mwaka, kupitia serikali tatu tofauti, hadi mitambo mipya ya megawati 280 ilipoingia katika gridi kati ya mwaka 2014 na 2015. Leo jotoardhi ndiyo chanzo chetu kikubwa kuliko vyote, na ukame unapoingia taa hazizimiki kama zamani. Waulize wanafunzi wako ni miradi mingapi mingine wanayoijua ambayo iliendelezwa na kila serikali iliyoingia.

Afrika Kusini nayo, kuanzia mwisho wa Machi 2024, ilikaa miezi kumi bila mgao. Sehemu ya sababu ni sola ya watu binafsi, sehemu ni kuondolewa kwa kikomo cha ukubwa wa mitambo ambayo kampuni ziliruhusiwa kujijengea, sehemu ni mpango wa hazina, uliotangazwa mwaka 2023, wa kuchukua deni la Eskom la randi bilioni 254, na sehemu, ambayo mafundi wa vituo huisisitiza, ni kwamba hatimaye mitambo iliruhusiwa kuzimwa ikafanyiwa matengenezo. Viwanda vilivyofungwa katika miaka ile 16 havikufunguka siku taa ziliporudi, na manispaa bado zinadaiwa na Eskom mabilioni.

Kuhusu cha kutazama, usiwaambie wahesabu siku za giza peke yake, wala wasitulizwe na faida iliyotangazwa. Kenya Power ilitangaza faida ya takriban shilingi bilioni 30 kwa mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, baada ya hasara mwaka uliotangulia, na mchango mkubwa ulitokana na shilingi kupata nguvu dhidi ya dola, hivyo madeni ya nje yakawa mepesi. Nguzo na transfoma zilikuwa zile zile, na miezi michache baadaye sehemu kubwa ya nchi ikazimika tena. Wafungue hesabu zilizokaguliwa, ambazo kwa mashirika haya huchapishwa kila mwaka, na watafute asilimia ya umeme au maji yanayopotea, kiasi ambacho taasisi za serikali zinadaiwa na hazijalipa, na fedha zilizotumika kwa matengenezo zikilinganishwa na zilizotengwa. Darasa likikosa takwimu fulani, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia taasisi ya umma na kuidai, na taasisi hiyo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Bei ya umeme nayo hupitiwa kila miaka mitatu, na kabla ya EPRA kuamua ni lazima maoni ya umma yakusanywe. Vikao hivyo huwa na viti vingi vitupu. Wanafunzi wa Buruburu wakiingia wakiwa na hesabu zao mkononi, mwenyekiti wa kikao atalazimika kuwajibu.